Inchi Nane na Robo Tatu

Mbebe, Ileje
3 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Tabita,

Hujambo mwalimu? Sisi wazima, isipokuwa masikio yangu, ambayo sasa yamefunga kazi kabisa. Juzi ulipopiga simu mke wangu Mama Nesta alinishikisha sikioni, nikabaki naitikia "ee, ee" kumbe umeshakata. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo tuandikiane. Lusajo, dereva wa ile Noah ya abiria ya Tunduma, anapita hapa kila Jumatatu na Alhamisi, atabeba.

Mzee Gwamaka, katibu wa wazee wa kanisa, alikuja Jumamosi. Alikunywa uji, kisha akaniandikia kwenye daftari maana kunipigia kelele kumemchosha. Ameandika hivi: nikisimama Jumapili ya Mitende nikatubu mbele ya usharika, nitarudi kundini, na Alhamisi Kuu nitakula Meza ya Bwana. Miaka kumi na minne, Tabita! Miaka kumi na minne wenzangu wanakula, mimi natoka nje kuhesabu kuku wa mchungaji. Sasa ninatakiwa nitubu nini? Kwamba niliiba mbao za kanisa.

Unayajua haya, lakini acha niyaseme yote, maana kuna kazi nataka kukupa. Paa la kanisa la mlimani nililijenga mimi, Novemba 2010, wewe umetoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne. Unajua desturi yangu, sikati mbao kubwa kabla sijakata ndogo. Nilijenga kwanza kanisa dogo la kukaa mezani, kwa ule mchoro wa wamisionari, ambao nusu inchi ya karatasi ni futi moja ya kweli. Nikawa napima kila kipande cha kanisa dogo, nazidisha mara ishirini na nne, ndipo nashika msumeno. Mchoro ulikuwa wa inchi, kamati ikataka kila kitu kiwe cha mita kwa sababu ya karatasi za mfadhili, nawe ndiye uliyenibadilishia. Mbao za mshazari za kenchi, yaani zile fremu za kubeba paa, zikatoka fupi, zote thelathini na nne! Hazikufika juu. Badala ya kusema, nikaogopa. Nikaziunga kwa vipande vya mbao nyingine na misumari, nikafunika bati, nikanyamaza. Machi mvua ilipokaza paa likashuka kwaya ikiwa mazoezini, likamvunja bega Tupokigwe, mwimbaji wao.

Wazee walipokuja kwangu walikuta vigoda nane. Miguu yake ilikuwa mabaki ya zile mbao, kila mguu sentimita arobaini. Wakasema nilikata fupi makusudi ili nibaki na vipande virefu. Jamani! Mtu aibe nyumbani mwa Mungu atengeneze vigoda? Kuunga nilikubali palepale. Kuiba nilikataa, na ndiyo maana niko nje mpaka leo.

Sasa kazi yenyewe. Kabla sijamjibu Gwamaka nataka kulijenga upya kanisa dogo, nione kosa lilikuwa wapi. Kama vipimo ndivyo vilivyokosewa, nitamwambia hivyo na sitatubu wizi wowote. Kama vipimo vilikuwa sawa, basi aliyeharibu ni mkono wangu huu, na nitasema lolote wanalotaka ili nizikwe kama watu. Nakutumia mchoro, pamoja na ile karatasi yako ya zamani yenye mistari kumi na miwili, nimeikuta ndani ya Biblia ya bibi yako. Ihakiki tu. Vistari vya inchi macho yangu hayavihesabu tena, nimenunua rula ya wanafunzi yenye milimita.

Mama Nesta anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia aandike mwenyewe.

Mjomba wako,
Osea Kibona


Tunduma
8 Februari 2025
(Haikutumwa)

Mjomba,

Ni mimi.

Nimekaa na karatasi yangu tangu asubuhi. Mistari kumi na mmoja iko sawa. Upana wa kanisa inchi kumi na nne, nimeandika milimita 356, sawa. Kimo cha mlango inchi tatu na tano ya nane, 92, sawa. Nilikuwa nagawanya vizuri, tano kwa nane, naongeza kwenye tatu, nazidisha kwa 25.4. Mstari wa kumi na mbili ni mbao ya mshazari ya kenchi, inchi nane na robo tatu. Hapo nimeandika 212. Jibu ni 222.

Nimehangaika kuitafuta hiyo 212 imetoka wapi, kisha nikaiona. Sikugawanya. Nilibonyeza kwenye kikokotoo nane, nukta, tatu, nne, kama zilivyokaa pale kwenye mchoro. Na ninakumbuka kwa nini, Mungu nisamehe. Gari la kwaya lilikuwa linapiga honi barabarani, tunakwenda kwenye mashindano Itumba, na mimi nilitaka siti ya dirishani.

Milimita kumi kwenye kanisa dogo. Zidisha mara ishirini na nne, kwenye kanisa kubwa ni karibu robo mita. Mbao zako zilikuwa futi kumi na nane, ungezikata sawa ungebaki na vipande vya sentimita kumi na tano, visivyofaa hata kuchongea mbuzi ya kukunia nazi. Umeitwa mwizi kwa sababu ya siti ya dirishani.

Na mwaka uleule akina mama wa kanisa walinichangia godoro na sanduku la kidato cha tano. Tupokigwe alinipa shuka, mkono ukiwa umefungwa shingoni. Nililipokea nikapiga magoti.

Mjomba, sijui nitaiandikaje tena barua hii


Tunduma
12 Februari 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya moshi wa jikoni, nikajisikia nyumbani. Huku Tunduma ni foleni ya malori tu mpaka Mpemba, na vumbi, na wanafunzi mia moja na kumi darasa moja. Mwambie Mama Nesta mchumba yuko kwenye foleni, akishavuka mpaka ataletwa.

Kuhusu ile karatasi ya zamani, samahani sana, niliimwagia chai. Imeharibika, nikaitupa. Kwa hiyo nimeona nikufanyie vipimo vyote upya kutoka kwenye mchoro. Nimeviandika kwa herufi kubwa upande wa pili. Vile vyenye sehemu, kama dirisha la inchi moja na saba ya nane, nimegawanya saba kwa nane kwanza, nikaongeza moja, nikazidisha kwa 25.4, nikapata 47.6, wewe kata 48. Kimo cha ukuta, inchi tano na robo, ni 133. Mbao ya mshazari, inchi nane na robo tatu, ni 222. Nimerudia kila kimoja mara tatu.

Usijisumbue sana na mambo ya zamani, Mjomba. Jenga taratibu, ufurahie kazi yako. Nimetuma gundi kopo mbili na msasa mwembamba, dukani wameuza kwa bei ya Wazambia.

Mpwa wako akupendaye,
Tabita


Mbebe
9 Machi 2025

Kwa Tabita mwanangu,

Limefunga!

Nimetumia mbao za mseji, nyepesi, zinakatika kwa kisu. Kuta nimesimamisha wiki mbili zilizopita. Jana nikapandisha kenchi ya kwanza, mshazari wa kulia, mshazari wa kushoto, vikakutana juu pale kwenye nguzo ya kati bila hata nafasi ya kupitisha unywele. Nikamwita Mama Nesta aje aone. Alikuja na mwiko mkononi, akatazama, akaniuliza kwa ishara, "Sasa unalia nini?"

Nitakwambia ninalia nini. Lile la kwanza halikufunga hivi. Sijawahi kumwambia mtu. Lile kanisa dogo la mwaka 2010 lilikuwa na pengo pale juu, upana wa kucha ya kidole kidogo. Nililiona, Tabita. Nikasema ni gundi imevuta, nikachanganya unga wa msumeno na gundi nikalijaza, nikapiga msasa, likapendeza. Kamati wakaja wakalisifu. Upana wa kucha! Fundi gani anaziba pengo kwa uji wa mbao halafu anazidisha kwa ishirini na nne?

Kwa hiyo jibu nimelipata. Vipimo vyako ni vilevile, kanisa limefunga, maana yake vipimo havikuwa na kosa. Aliyekata fupi ni mimi. Labda nilikuwa nimeshika rula vibaya, labda macho yalianza zamani kuliko ninavyojua. Nimewachukia wale wazee miaka yote hii, kumbe walikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Niliwahi hata kukushuku wewe, tena si siku moja. Nisamehe. Hesabu zako hazijawahi kuniangusha.

Nimemjibu Gwamaka. Jumapili ya Mitende nitasimama. Ninajua sikuiba, lakini wao hawataki neno jingine, na mimi sina tena cha kubishia. Mama Nesta ameshalitoa lile koti langu jeusi sandukuni amelianika.

Mjomba wako,
Osea


Tunduma
20 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kanisa dogo limekaa vizuri.

Ila hili la kusimama kutubu silipendi. Hukuiba. Utasemaje umeiba mbele ya Mungu na watu? Mwambie Mzee Gwamaka utatubu kuunga mbao na kunyamaza, basi, hilo ni kweli. Na huenda hata hukukata vibaya. Ni miaka mingi, inawezekana kulikuwa na sababu nyingine, mchoro wenyewe ni wa zamani, karatasi husinyaa. Naomba usubiri kidogo. Nitakuja likizo ya Juni tuongee vizuri.

Huku nina kazi nyingi, nimeteuliwa kuwa mkuu wa taaluma wa shule. Wamenipa ofisi yenye mlango.

Wako,
Tabita


Mbebe
30 Machi 2025

Kwa Mwalimu Mkuu wa Taaluma,

Hongera sana. Mama Nesta amepiga vigelegele mpaka mimi nikavisikia, au niliviona, sijui.

Lakini barua yako imeniudhi, na sitaficha. Nisubiri Juni? Nimetimiza miaka sabini na moja. Unakumbuka alivyozikwa shemeji yangu Wiliam, aliyekufa akiwa ametengwa kwa ajili ya mke wa pili? Hukuwepo, ulikuwa chuoni. Kengele haikupigwa. Kwaya haikuja. Tulimbeba watu wanne, tukashusha jeneza, tukashika majembe, na hakuna hata mmoja aliyejua aanzishe wimbo gani. Mwishowe dada yake alipiga kelele tu, basi, tukafukia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Nesta, mimi sitaki hivi.

Wewe unayo ofisi yenye mlango, ni rahisi kuniambia nisubiri. Eti mchoro umesinyaa! Ungekuwa umesinyaa, kanisa dogo lingefunga? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hesabu haina huruma, sasa unanionea huruma ya nini? Kama kuna kitu unakijua, sema. Kama hakuna, niache nijipatanishe na watu wangu.

Wazee wamekubaliana nitasema maneno mafupi: "Niliiba mbao za nyumba ya Mungu, naomba mnisamehe." Ninafanya mazoezi na Nesta jikoni, yeye ananionyesha kwa mkono nipandishe sauti au nishushe. Mara ya kwanza aliacha kupika akatoka nje.

Tuombee tarehe kumi na tatu.

Mjomba


Tunduma
10 Aprili 2025

Mjomba,

Nampa Lusajo barua hii asubuhi hii stendi, mkononi mwake, na nimemsihi akukabidhi leoleo. Usisimame Jumapili. Kosa ni langu.

Karatasi ya zamani sikuimwagia chai. Ninayo mezani. Mistari kumi na mmoja iko sawa, na wa mwisho, ule wa mbao ya mshazari, nilikuandikia milimita 212 badala ya 222. Nilibonyeza nane nukta tatu nne badala ya nane na robo tatu, kwa haraka, gari la kwaya lilikuwa linanisubiri. Wewe ulikata kama nilivyokuambia. Mkono wako haukukosea hata kidogo. Kanisa dogo la safari hii limefunga kwa sababu nilikutumia namba tofauti na ile ya kwanza, nikakuacha uamini ni ileile.

Nimejua tangu tarehe nane Februari. Miezi miwili. Niliandika barua ya ukweli, sikuituma. Nikaandika ya uongo, nikaituma pamoja na gundi. Umeniuliza kama kuna kitu ninakijua, na hata baada ya swali hilo nimekaa siku kumi.

Nitakuambia kwa nini, ingawa haitanisaidia. Kila siku ninasimama ubaoni. Mtoto akikosea sehemu na desimali ninamrudisha, ninamwambia soma tena, hujui utaharibu nini. Wananiogopa na wananipenda kwa hilo. Nikawaza, Ileje wakijua, Tunduma watajua, na mimi nitakuwa yule mwalimu wa hesabu aliyeangusha paa la kanisa. Ndivyo nilivyowaza. Sikuwaza juu yako kwanza. Nilijiwazia mimi.

Na kuna jingine, baya zaidi. Baada ya paa kuanguka, mimi nikiwa nafungasha kwenda kidato cha tano, nilipata wazo la kuja kuiomba ile karatasi niiangalie. Wazo lilikuja likakaa kama dakika moja. Kisha nikalifukuza, nikaendelea kukunja shuka la Tupokigwe. Kwa hiyo usiseme nilikuwa mtoto.

Mwambie Mzee Gwamaka. Mpe barua hii aisome. Usitamke kwamba uliiba, Mjomba, tafadhali, usilitamke hilo neno.

Tabita


Mbebe
Jumapili ya Mitende, 13 Aprili 2025

Kwa Tabita wangu,

Nimerudi nyumbani! Nakuandikia nikiwa bado nimevaa koti.

Alhamisi Lusajo hakupanda, mvua imekata barabara juu ya Itumba, kwa hiyo kama uliandika sijaona. Haidhuru, najua uliniombea.

Nilikaa kile kiti cha mbele, peke yangu, watu wote nyuma yangu. Mimi sisikii, unajua, kwa hiyo sikujua ibada imefika wapi. Gwamaka alikaa karibu, tukapatana akinigusa bega nisimame. Akanigusa. Nikasimama, nikageuka, nikawatazama. Watoto wameshika matawi. Nikayasema yale maneno. Tabita, sikuisikia sauti yangu mwenyewe ikisema niliiba. Niliona tu midomo ya watu imefunga, na mama mmoja kule nyuma akaziba uso. Labda ilikuwa heri hivyo. Sijui kama ningelimaliza nikijisikia.

Kisha wakaja. Mmoja mmoja, kunipa mkono. Tupokigwe alikuja, akanipa mkono wa kushoto kwa sababu ule mwingine haupandi mpaka leo, akaniambia kitu kirefu sana. Nikaitikia kwa kichwa. Mama Nesta baadaye akaniandikia: amesema alikusamehe zamani, alikuwa anasubiri uombe.

Moyo wangu una kidonda kidogo kwa lile neno, sikatai. Lakini Alhamisi nitakula na wenzangu. Nikifa hata kesho kutwa, kengele itapigwa. Mwanangu, nimechoka kusimama nje.

Lusajo akipanda kesho atashuka na hii.

Mjomba wako mwenye furaha,
Osea


Mbebe
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Tabita,

Lusajo alifika Jumatatu saa nne. Nilimpa barua yangu, akanipa yako.

Nimeisoma mara nyingi. Siku ya pili nilichukua kile kisu nilichochongea kanisa dogo nikaenda nacho shambani nikafyeka magugu, Nesta akanifuata akaninyang'anya, akidhani nataka kujidhuru. Sikutaka kujidhuru. Nilitaka kukata kitu.

Kukosea nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma. Nani hakosei? Mimi niliona pengo nikaliziba kwa gundi. Lingekuwa hilo tu ningekucheka mpaka Krismasi. Lakini Februari, Tabita! Ulikuwa na ukweli wangu mezani pako. Nilikuandikia kwamba nikijua vipimo vilikosewa sitatubu wizi, nilikuandikia wazi. Ukanitumia msasa. Ukaniacha nijilaumu mkono wangu, mkono uliokulisha wewe baba yako alipokufa. Mwezi mzima nilikuwa nautazama mkono huu kwa chuki.

Jana ilikuwa Alhamisi Kuu. Nilikwenda, kwa sababu nisingekwenda wangeuliza. Nilikaa katikati yao. Mkate ukapita, nikampa Nesta. Kikombe kikafika kwangu, nikakishika, kilikuwa kimejaa, nikakiangalia. Miaka kumi na minne. Nikakipitisha. Mtu aliyewadanganya mbele ya madhabahu siku nne zilizopita atakunywaje? Wakati niko nje nilikuwa msafi. Sasa niko ndani na nina uongo mdomoni. Nesta aliona. Gwamaka pia aliona, alinitazama sana.

Hajui bado. Sijamwonyesha barua yako. Nikiionyesha ninakutaja, na kesho yake kila mtu kuanzia hapa mpaka mpakani atakuwa na jina lako. Nisipoionyesha, kila Meza ya Bwana nitapitisha kikombe mpaka siku yangu. Nimekaa hapa na hayo mawili na sijui nishike lipi. Umenipa kazi mbaya kuliko ile ya kwanza.

Usije Pasaka. Nisingependa kukuona kwa sasa.

Osea Kibona

Lusajo anashuka leo kwa ajili ya abiria wa sikukuu, nimempa hii.


Mbebe
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Mjomba,

Ulisema nisije. Nimekuja.

Barua yako niliipata jana jioni, na asubuhi hii nilikuwa wa kwanza kwenye gari. Naandika haya nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya Mzee Gwamaka. Nimeanzia kwake, kabla ya kwako, ili lile la kunitaja au kutonitaja lisiwe kazi yako tena. Nimemweleza yote, mke wake akiwa amesimama, Lusajo naye akiwa bado anashusha mizigo, kwa hiyo gari likirudi Tunduma stendi nzima itakuwa inajua. Nimemkabidhi karatasi yangu. Ameishika mbali, akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole, alipofika chini akavua miwani. Kisha akasema, "Tulimwambia aseme neno ambalo halikuwa lake."

Kesho nitasimama mimi. Gwamaka alitaka asome barua yangu tu, mimi nikae, nimekataa. Nitawaambia kwamba nilikosea, kwamba nilijua, na kwamba nilinyamaza mpaka ukatamka lile neno. Anasema nawe utaulizwa kwa nini ulidanganya madhabahuni. Jibu utakalotoa ni lako. Kama utataka kusema ni kwa sababu yangu, nitakuwa nimesimama pale pale, wataniona.

Tupokigwe nitamwendea leo jioni. Huyo ninamwogopa kuliko usharika mzima.

Nimeandika kwa sababu hunisikii, na kwa sababu nikikuona uso kwa uso nitashindwa kuyasema. Nitampa Mama Nesta barua hii mlangoni akuletee ndani. Sitamwomba aniombee. Isome yote. Ukimaliza, kama bado hutaki kuniona, nitalala kwa Gwamaka na kesho tutakutana kanisani.

Ila kama utataka kuniona, inua macho. Niko hapa dirishani, nimesimama nje.

Tabita